Mafundi watatu, mashine 160: nianze wapi kupunguza muda wa mashine kusimama?

Mratibu_Laini

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa watu wanaosimamia matengenezo ya mashine za kushonea kiwandani, si duka la ushonaji.

Hali ni hii: laini nne za mashine 40 kila moja. Nyingi ni za sindano moja zinazojikatia uzi, kisha ovaloki za nyuzi nne (zinazokata na kufunga ukingo), flatloki (za mshono bapa wa vitambaa vinavyovutika), na chache za bartaki (mshono mfupi wa kukazia), matundu ya vifungo na vifungo vyenyewe. Tunashona mashati ya popilini na fulana za jezi (kitambaa cha vitanzi kinachovutika) kwa kupokezana. Mafundi ni watatu kwa zamu ya saa nane. Utaratibu wa kuwaita haupo: msimamizi wa laini anapaza sauti, fundi anakwenda kwa aliyepaza zaidi. Matengenezo ya ratiba yako kwenye karatasi tu, hayafanyiki kwa sababu kila siku kuna mashine imelala.

Maswali yangu:

1. Nitajuaje kama mafundi hawatoshi au ni mpangilio mbaya?
2. Kila tukihama kutoka popilini kwenda jezi, mashine zinaanza kuruka mishono, na mafundi wanafungua na kupanga upya ndoano (kile kipande cha chini kinachozunguka na kunasa uzi wa sindano) karibu kila siku. Hii ni kawaida?
3. Spea na sindano zipangweje ili fundi asisimame kusubiri stoo?

---

Spana_Namba_Nane

Mkuu, swali la kwanza halijibiki kwa kanuni ya "fundi mmoja kwa mashine kadhaa". Kanuni hizo zipo nyingi na zinapishana, kwa sababu usumbufu wa ovaloki na bartaki si sawa na wa mashine ya sindano moja, na mtindo mpya kila wiki si sawa na mtindo mmoja wa miezi miwili. Hesabu mzigo wako mwenyewe.

Kwa wiki mbili tu, kila wito uandikiwe nyakati tatu: saa opereta alipoita, saa fundi alipofika, saa mashine ilipotoa mshono mzuri. Msisitizo ni hapo kwenye mshono mzuri. Fundi akifunga skurubu ya mwisho kazi haijaisha. Inaisha opereta akishona kipande halisi na mkaguzi akakipitisha. Usipoweka hivyo, wito uleule utarudi baada ya dakika kumi na utahesabiwa kama hitilafu mpya.

Sasa hesabu. Tuseme daftari limeonyesha wito 34 kwa siku, wastani wa kusubiri dakika 9 na wastani wa kutengeneza dakika 18. Kazi ya mikono ni 34 × 18 = dakika 612. Zamu ya fundi ni dakika 480, lakini usimpangie zaidi ya asilimia 70 ya muda huo, maana wito hauji kwa foleni nzuri: zinakuja nne kwa mpigo halafu kimya. Asilimia 70 ya 480 ni 336. Gawanya 612 kwa 336 unapata 1.8. Kwa siku ya kawaida mafundi wawili wanabeba dharura na wa tatu yuko huru kwa matengenezo ya ratiba.

Siku ya kubadili mtindo ni habari nyingine. Mashine 25 za kupangwa upya kwa dakika 20 kila moja ni dakika 500 za ziada. 612 + 500 ni 1,112, gawanya kwa 336 ni 3.3. Siku hiyo watatu hawatoshi. Na laini mbili zikibadili mtindo siku moja, hata wanne watazidiwa. Kwa hiyo kabla ya kuomba fundi wa nne, kaa na idara ya mipango mhakikishe laini mbili hazibadili mtindo siku moja, na mashine za mtindo mpya zianze kupangwa siku mbili kabla, pembeni, kwenye kitambaa chenyewe cha oda na uzi wenyewe. Kupanga mashine kwa kipande cha kitambaa kilichookotwa sakafuni ni kazi ya kurudiwa.

Jambo moja linalodanganya: asilimia ya muda uliopotea. Kwa mfano huo, 34 × 27 ni dakika 918, na mashine 160 × 480 ni dakika 76,800. Hiyo ni asilimia 1.2, mkurugenzi ataona ni nzuri sana. Lakini dakika 20 kwenye mashine ya kuunga kola, ambako kazi zote zinapita na hakuna mashine ya pili, ni dakika 20 za laini nzima. Dakika 20 kwenye mashine ya kushona lebo yenye vipande 60 vya akiba mbele yake hazimuumizi mtu. Weka alama nyekundu kwenye mashine ambazo zikisimama laini inasimama. Kwenye laini ya 40 hazitazidi sita au saba. Wito wa alama nyekundu unatangulia wote, na hapo kupaza sauti kunakosa maana.

---

Ndoano_na_Uzi

Nitajibu la pili. Hapana ndugu, kupanga ndoano kila siku si kawaida. Ndoano haihami yenyewe. Inahama kama skurubu zake zimelegea, au sindano imegonga chuma kwa nguvu, au uzi umejiviringa nyuma yake na kuifunga. Nje ya hapo, fundi anayefungua ndoano anaondoa kitu kilichokuwa sahihi ili kufidia kosa lililoko kwingine, na kesho mkirudi kwenye popilini atalifungua tena. Wekeni sheria: ndoano haiguswi mpaka vitu vya mbele yake vimekaguliwa kwa mpangilio.

Mpangilio wenyewe kwa kuruka mishono:

Kwanza sindano. Ni mpya? Imesukumwa hadi juu kabisa? Kwenye sindano moja ya kawaida mfereji mrefu unatazama kushoto na sehemu iliyochongwa inatazama kulia, upande wa ndoano. Ikigeuka digrii chache tu, mishono inaruka. Je, mfumo (aina ya sindano inayotakiwa na mashine) ni sahihi? Sindano moja ya kazi nyepesi na ya kati hutumia DBx1, ovaloki DCx27, flatloki UYx128, bartaki na matundu ya vifungo DPx5. Mifumo hii haibadilishani hata kama shina linaingia, kwa sababu inatofautiana kwa unene wa shina au urefu toka juu hadi tundu.

Pili ncha. Hapa ndipo ninaposhuku tatizo lenu lilipo. Popilini inataka ncha kali ya kawaida, alama R. Jezi inataka ncha ya mviringo mdogo, alama SES, ipenye katikati ya vitanzi bila kuvikata. Na ukubwa: jezi nyepesi inakwenda na 65/9 hadi 75/11. Mkiingia jezi na 90/14 ya R iliyobaki kwenye mashati, mtapata mashimo yanayofunguka baada ya kufua.

Tatu sahani ya sindano na mguu. Jezi ni laini. Tundu la sahani likiwa kubwa, kitambaa kinazama na sindano na kupanda nayo. Kitambaa kikipanda na sindano, kitanzi cha uzi hakijifungui nyuma ya sindano, ndoano inapita patupu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuruka kwenye vitambaa laini, na fundi akiona ndoano imekosa kitanzi anadhani ndoano imechelewa. Weka sahani yenye tundu dogo linaloendana na sindano, na hakikisha mguu unashika kitambaa karibu na tundu.

Nne meno ya kusukuma. Kwenye mashine ya sindano moja ya Juki DDL-8700 ya kazi ya kati urefu wa meno juu ya sahani ni milimita 0.75 hadi 0.85, na kazi nzito ni 1.15 hadi 1.25. Meno ya kazi nzito kwenye jezi yanakwaruza na kuvuta. Punguza na mkandamizo wa mguu pia. Jezi ikikandamizwa sana inatoka ndefu kuliko ilivyoingia.

Tano mkazo wa uzi, kisha njia ya uzi kuanzia koni. Baada ya hayo yote, kama bado inaruka, ndoano.

Kwa uzi unaokatika, fundi asianze na mashine, aanze na ncha ya uzi uliokatika. Aitazame kwa kioo cha kukuza. Ikikatika safi kama kwa wembe, kuna ukingo mkali mahali: ncha ya ndoano, tundu la sahani, au kisu cha kukatia kinachogusa kabla ya wakati. Ikichambuka kama pamba, uzi unasuguliwa: tundu la sindano dogo kwa uzi huo, au njia ya uzi ina mikwaruzo. Ikiwa na kijitone kigumu, imeyeyuka. Poliesta huyeyuka karibu nyuzijoto 250 hadi 260, na sindano inayokimbia kwenye matabaka mazito inafika huko. Hapo unapunguza kasi, unatumia uzi uliotiwa silikoni zaidi au kipulizio cha hewa cha kupoza sindano. Ikivutika na kujikunja kama chemchemi, mkazo umezidi au uzi umenasa kwenye koni.

Na mashine sita za laini moja zikianza kukata uzi asubuhi moja, fundi asifungue hata moja. Aangalie koni. Uzi wa shehena mpya umeingia.

---

Mratibu_Laini

Nashukuru sana. Ya sindano R kubaki kwenye jezi nimekwenda kuangalia, ndivyo ilivyo kwenye laini ya tatu na ya nne. Sasa kuna baadhi ya mashine ndoano tayari zimechezewa sana. Kuna namna moja ya kuzirudisha zote kwenye kipimo kimoja, badala ya kila fundi na mkono wake?

---

Ndoano_na_Uzi

Ipo, na iandikwe ukutani ili wote watatu wafanye sawa. Kwa sindano moja ya DBx1:

Zima umeme. Kama bado mna mota za klachi, kumbuka zinaendelea kuzunguka baada ya kuzimwa. Kanyaga pedali mpaka isimame. Toa mguu, sahani, meno na kikopo cha bobini. Weka sindano mpya.

Shusha mhimili wa sindano hadi chini kabisa. Kwenye mhimili kuna mistari iliyochorwa, jozi moja kwa DBx1 na jozi nyingine kwa mfumo mwingine, fundi asichanganye. Mstari wa juu wa jozi yako ulingane na ukingo wa chini wa bushi ya mhimili. Kama haulingani, urefu wa mhimili ndio uliokosewa, na hakuna kupanga ndoano kutakakofaa kabla ya kuurekebisha.

Legeza skurubu za ndoano. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako mpaka mhimili uanze kupanda na mstari wa pili ulingane na ukingo uleule wa bushi. Upandaji huo ni kama milimita 2 na kidogo. Hapo ndipo ncha ya ndoano inatakiwa iwe katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu. Sogeza ndoano mpaka iwe hivyo.

Nafasi kati ya ncha ya ndoano na sindano iwe milimita 0.04 hadi 0.1. Itumike bati la kupimia unene, si jicho. Ndoano ikigusa sindano, ncha inaota makovu na uzi unaanza kuchambuka. Nafasi ikizidi, kitanzi kidogo cha jezi kinakoswa. Mkihama kutoka 90/14 kwenda 70/10, sindano ni nyembamba zaidi, kwa hiyo nafasi inaongezeka yenyewe. Hii ndiyo sababu halali ya kugusa ndoano wakati wa kubadili kitambaa: kusogeza ubavuni tu, bila kubadili wakati wake.

Kaza skurubu moja, zungusha, angalia tena, kaza zote. Mwisho kagua kile kidole kinachoizuia sehemu ya ndani ya ndoano isizunguke: kati yake na ndoano uzi upite bila kubanwa.

Ncha yenye kovu dogo inasuguliwa kwa msasa laini sana kisha inang'arishwa. Ncha iliyokuwa butu ibadilishwe. Mkiichonga tena mnapoteza umbo na wakati wake.

---

Ghala_la_Spea

Nijibu la tatu, kwa sababu stoo hulaumiwa kwa vitu ambavyo havikuwahi kuombwa kwa jina lake.

Kila mashine iwe na namba yake iliyobandikwa, na kadi yenye modeli, mfumo wa sindano, namba ya ndoano au lupa (kinachonasa uzi kwenye ovaloki na flatloki), sahani na meno yaliyofungwa, na upana kati ya sindano kama zipo mbili. Fundi akija stoo na "nipe kisu cha ovaloki" atapewa kisu, na huenda hakiingii. Akija na namba ya mashine, kadi inasema kilichobaki.

Kiwango cha chini cha akiba: matumizi ya wiki mara wiki za kusubiri mzigo, jumlisha wiki mbili za tahadhari. Kama mnatumia sindano 150 za 75/11 kwa wiki na mzigo unachukua wiki 6, agiza zikifika 1,200. Fanya hesabu hiyo kwa kila ukubwa na kila ncha. Jumla ya "sindano" haikusaidii lolote ukiwa na elfu tano za R na huna SES.

Vinavyoisha haraka: sindano, bobini, vikopo vya bobini, visu vya ovaloki, springi za mkazo, skurubu za kubana sindano, miguu ya tefloni. Vinavyoisha polepole lakini vikikosekana mashine inalala wiki: ndoano, lupa, sahani, meno, kisu cha kukatia uzi, swichi ya pedali. Vya kundi la pili weka walau kimoja kwa kila modeli, hata kama havitoki mwaka mzima. Wahasibu watavipinga, waonyeshe muda wa kusubiri mzigo na idadi ya mashati yanayotoka kwa siku.

Bobini nazo ni spea, si takataka za ndoo. Bobini iliyopinda ukingo inatoa mkazo unaopanda na kushuka, na fundi atakaza na kulegeza kikopo kutwa nzima. Ijazwe kama asilimia 80, isifurike. Ikianguka na kupinda, itupwe.

Sindano ni kwa kubadilishana: unaleta ya zamani, unapewa mpya. Ikivunjika, vipande vyote vinaletwa na kubandikwa kwenye daftari pamoja na saa, namba ya mashine na opereta. Kipande kikikosekana, kazi zote zilizo mezani pale zinatengwa na kupitishwa kwenye mashine ya kugundua chuma. Mashine hiyo ijaribiwe kwa kadi ya chuma cha kipimo, kawaida milimita 1.0 au 1.2 kadiri mnunuzi anavyotaka, mwanzo wa zamu na kwa vipindi, kwa sehemu tisa: kushoto, katikati na kulia, kila moja chini, kati na juu. Hili ni usalama wa mtoto atakayevaa fulana, halina mjadala.

---

Opereta_Mwandamizi

Dada wa stoo, nakubaliana na yote ila naongeza: sindano isisubiri kuvunjika. Kwetu tunabadilisha kila zamu, ivunjike isivunjike.

---

Ghala_la_Spea

Kwa denimu na turubai sawa. Kwa popilini nyepesi unatupa sindano nzima. Afadhali kila kitambaa kiwe na saa zake, ziandikwe kwenye karatasi ya mtindo, na opereta apitishe ncha ya sindano kwenye soksi ya nailoni au ukucha akianza kazi. Ikikwaruza, inabadilishwa hata kama ni ya leo.

---

Oili_Nyeupe

Hakuna aliyegusa matengenezo ya ratiba, na hapo ndipo wito 34 unapogeuka 20.

Mashine 160, kila moja iguswe mara moja katika wiki nane. Ni mashine 20 kwa wiki, nne kwa siku. Kila moja dakika 35, jumla dakika 140 kwa siku. Yule fundi wa tatu aliyetajwa juu anazibeba bila tabu, kwa sharti moja: asiitwe kwenye dharura mpaka amalize nne zake. Akiitwa siku ya kwanza, ratiba imekufa siku hiyo. Muda mzuri ni mapumziko ya chakula na saa ya kwanza, au mpelekee opereta mashine ya akiba iliyokwisha tiwa uzi wakati yake iko mezani kwa fundi. Mashine za akiba ziwe kama moja kwa kila 20 za aina inayotumika sana, na zikae tayari kushona, si kaburi la mashine zilizonyang'anywa vipuri. Kanuni inayofaa: hitilafu isiyoisha ndani ya dakika 10 kwenye mashine ya alama nyekundu, mashine inabadilishwa, matengenezo yanaendelea karakana.

Opereta naye ana dakika tano za mwisho wa zamu: azime, atoe kikopo cha bobini, asafishe vumbi la nyuzi chini ya sahani kwa brashi, aangalie oili kwenye kidirisha, aache kipande cha kitambaa chini ya mguu. Nasema brashi. Hewa ya kompresa inasukuma vumbi ndani zaidi, kwenye chujio la pampu ya oili na ndani ya boksi la umeme, halafu ndoano inakauka na kujifunga wiki tatu baadaye, na hakuna atakayehusisha mambo hayo mawili.

Oili kwenye sindano moja yenye sinia ya oili chini yake: iwe kati ya mstari wa juu na wa chini, oili nyeupe nyepesi ya mashine za kushonea. Oili ya injini ni nzito kwa pampu hizi na inatia doa lisilotoka. Mashine mpya au iliyobadilishwa ndoano iendeshwe polepole mwanzoni. DDL-8700 ina kikomo cha mishono 5,500 kwa dakika, lakini mwezi wa kwanza isizidi 4,000.

Kupima oili ya ndoano: endesha mashine bila kitambaa dakika tatu ipate joto, mguu ukiwa juu na uzi umetolewa, kisha shika kipande cha karatasi milimita 3 hadi 10 chini ya ndoano kwa sekunde tano. Kidole kisikaribie ndoano. Michirizi myembamba miwili mitatu ya matone madogo inatosha. Karatasi ikilowa, punguza skurubu ya oili. Ikibaki kavu, ongeza. Madoa ya asubuhi kwenye mashati meupe mara nyingi yanatoka kwenye mhimili wa sindano baada ya mashine kulala usiku: shoneni vipande vya taka kwanza mpaka mshono utoke safi. Doa likiendelea mchana, angalia kama sinia imezidishwa mstari wa juu, kisha utambi wa kurudisha oili upande wa uso wa mashine kama umetoka mahali pake.

Ovaloki: kisu cha chini kiwe sawa na sahani au chini yake kwa nywele tu, kisu cha juu kiingie milimita 0.5 hadi 1 chini ya makali ya kile cha chini kinapofika mwisho. Kisu butu kinatafuna jezi, ukingo unakuwa na nyuzinyuzi, na watu wanakaza nyuzi za lupa wakidhani mshono umelegea. Oili yake imwagwe yote na chujio lisafishwe kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha modeli. Ya mara ya kwanza huja mapema kuliko zinazofuata, kwa sababu chuma kipya kinatoa unga.

Mkanda wa mota: bonyeza katikati kwa nguvu ya kama kilo moja, ushuke milimita 15. Ukilegea, mashine inachelewa kusimama na sindano inasimama pabaya, kisha kukata uzi kunakosea.

---

Mratibu_Laini

Hilo la mwisho limenigusa. Mashine kama kumi hazikosei kushona, ila baada ya kukata uzi mshono wa kwanza unakosa, uzi unachomoka kwenye sindano. Mafundi wamebadilisha visu mara mbili.

---

Boksi_la_Kudhibiti

Visu viacheni. Uzi ukichomoka mwanzo wa mshono, mkia uliobaki baada ya kukata ni mfupi. Mkia huo unaamuliwa na kile kikazio (visahani vinavyobana uzi) kidogo cha kwanza juu, kabla ya kikazio kikubwa. Kilegeze robo mzunguko kwa mara, kata, pima mkia, rudia. Hakikisha pia kikazio kikubwa kinafunguka wakati wa kukata. Visahani vikijaa vumbi au nta havifunguki, na uzi unavutwa nje ya sindano. Sukuma kipande cha kitambaa safi katikati ya visahani.

Kama kumi zote ni za laini moja na zinatumia hewa, soma geji ya hewa mwishoni mwa laini wakati mashine zote zinafanya kazi, si asubuhi kabla ya kuanza. Nyingi zinataka karibu megapaskali 0.5. Chujio likijaa maji, shinikizo mwishoni linashuka na kukata kunakuwa kwa kubahatisha.

Na kwa mashine za kielektroniki, kabla fundi hajabonyeza kurudisha mipangilio ya kiwandani, apige picha kila ukurasa wa vigezo kwenye paneli na picha iitwe kwa namba ya mashine. Kurudisha kunafuta pembe ya kusimama sindano, kasi ya juu, mshono wa kufunga mwanzo na mwisho, na kwenye bartaki michoro mliyojipangia. Hifadhi nakala nje ya simu ya fundi. Hitilafu ikitoa namba kwenye paneli, iandikwe ilivyo kabla ya kuzima. Mtoa huduma wa mbali hawezi kukusaidia na "ilikuwa inalialia". Mpelekee vitu vinne: modeli, namba ya hitilafu, picha ya vigezo, na video fupi ya gurudumu likizungushwa kwa mkono.

Boksi la mota lisifunguliwe mpaka zipite dakika tano baada ya kuchomoa umeme. Kapasita zinabaki na umeme wa kuua hata taa zote zikiwa zimezimika.